Msomi na Chenso: Kabla Hamjanicheka, Nisikilizeni

Najua nimepotea wiki kama tatu hivi. Majaribio ya katikati ya semista yalinibana, bumu limeshakata, na wikiendi zote nilikuwa nyumbani Bagamoyo. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo asiyependa maneno makali aachie hapa hapa akaendelee na desa lake.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu asubuhi niliingia kantini kunywa chai. Mikono yangu ilikuwa kama inavyokuwa kila Jumatatu: kucha nyeusi, na ile harufu ya petroli ambayo sabuni ya mche haiwezi kuitoa. Jamaa mmoja tunayesoma naye akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ili meza nzima isikie: "Yaani mwana, mwaka wa tatu uhandisi mitambo, halafu unaishia kuwa fundi chenso?" Meza ikacheka. Mimi pia nikacheka, maana nimeshazoea. Lakini kabla sijakaa vizuri, dada mmoja anayesoma mambo ya mazingira akasema taratibu: "Afadhali hata angekuwa fundi baiskeli. Huyu anafufua mashine za kumaliza misitu." Hapo hakuna aliyecheka. Na mimi sikuwa na jibu.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Ni mashtaka mawili tofauti, na nitayajibu yote mawili. La kwanza nitalijibu kwa nguvu kwa sababu ni upuuzi. La pili nitalijibu kwa unyenyekevu, kwa sababu lina ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu.

NILIANZAJE

Wengine mnadhani nilianza kwa sababu ya njaa ya hela. Hapana. Mjomba wangu ni fundi majahazi. Anayejua kazi ile anajua kwamba mataruma, zile mbavu za chombo, hayapindwi kwa mashine. Unatafuta tawi ambalo Mungu mwenyewe amelipinda, la mwembe kwa mfano, unalikata, kisha unalichonga kwa tezo mpaka likae. Zamani walikata kwa shoka na msumeno wa mkono. Siku hizi akipata chenso ya kukodi anashukuru, maana kazi ya siku mbili inakwisha kabla ya adhuhuri.

Miaka miwili iliyopita alikodi chenso moja. Alikuwa anakata tawi la mwembe, ncha ya juu ya ule upanga unaozungukwa na cheni ikagusa tawi jingine nyuma yake ambalo hakuliona. Mashine ikaruka kumrudia. Wanaojua chenso wanaliogopa jambo hili kuliko yote: cheni ikikamatwa pale nchani, nguvu yote ya injini inautupa upanga juu, kuelekea usoni na shingoni kwa mkataji. Kwa sababu hiyo tangu miaka ya 1970 watengenezaji wakaanza kuweka breki ya cheni, kile kikingio cha mbele ya mkono. Mashine ikiruka, kikingio kinasukumwa mbele na cheni inasimama kabla hujamaliza kukopesa.

Chenso ile ilitengenezwa ikiwa na breki. Fundi mmoja aliitoa. Tulipomuuliza mwenye mashine, akajibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa: "Ilikuwa inasumbua, ikajifunga funga, fundi akaiondoa, sasa inawaka fresh." Inawaka fresh! Mjomba alishonwa nyuzi kumi na nne bega la kushoto. Mpaka leo mkono ule haupandi juu ya sikio. Fundi majahazi asiyeweza kunyanyua mkono, mnaelewa maana yake? Tezo sasa anashika mwanawe, yeye anakaa kivulini anaelekeza.

Siku ile nilirudi kampasi na swali moja kichwani. Mimi nilikuwa nimetoka kupata A katika somo la injini. Nilichora mzunguko wa tu-stroki ubaoni mbele ya darasa, mishale na kila kitu, nikapigiwa makofi. Lakini ile mashine ilipowekwa mbele yangu uani kwa mjomba, sikujua hata breki inatakiwa kukaa wapi. Ningeikodi vile vile ilivyo. A yangu isingemsaidia mtu.

SHULE YA UANI

Basi nikaenda kwa mzee mmoja pale mjini Bagamoyo. Simtaji jina, hapendi. Ana banda la mabati, ndani limejaa chenso za zamani, pampu za maji na injini za boti. Nikaamkia: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umeleta mashine?" Nikamwambia sina mashine, nataka kujifunza. Akaniangalia viatu, akauliza nasoma wapi, nilipomjibu akacheka mpaka akakohoa. "Sasa wewe si ndiyo wa kunifundisha mimi?"

Somo la kwanza halikuhitaji spana. Alinipa chenso kuukuu akasema nishike kishikio cha kamba ya kuwashia, niiache mashine ining'inie. Ikishuka taratibu kwa kusitasita, injini bado ina pumzi. Ikianguka kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha au silinda imechubuka. Ikianguka, usihangaike na plagi, usihangaike na kabureta, ugonjwa uko moyoni. Hicho kipimo ni cha sekunde tano. Sikukipata katika vitini vyote nilivyotoa kopi.

Somo la pili: vuta kamba mara kadhaa, fungua plagi, itazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, tatizo ni moto au umeyazidisha. Ikiwa kavu unafuata njia ya mafuta kama mtu anayefuata mfereji: kichujio ndani ya tanki, mpira wa kupitisha mafuta, kisha kabureta. Na ndani ya kabureta ndipo nilipoipenda kazi hii.

Kabureta ya pikipiki ina kikombe na boya. Ukiigeuza juu chini, mafuta yanaharibikiwa. Chenso inakatwa nayo ikiwa imelala ubavu, wakati mwingine imepinduka kabisa. Kwa hiyo haina boya. Ina vipande viwili vyembamba vinavyonyumbuka, dayaframu, na kimoja kinapigwa na pumzi inayotoka chini ya pistoni yenyewe. Pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma, na kile kipande kinapampu mafuta kama moyo. Hakuna pampu nyingine. Mashine kama Stihl Contra iliyotoka mwaka 1959 ilivuma dunia nzima kwa sababu ya mambo kama haya: nyepesi kuliko zilizotangulia, na inakata ikiwa imekaa upande wowote. Na dayaframu ikikaa miaka na petroli inakauka, inakuwa ngumu kama karatasi ya soda. Moyo unasimama. Mtu anasema mashine imekufa, anaitupa. Kumbe imekufa kitu chenye uzito wa tiketi ya daladala!

Chenso yangu ya kwanza ilikuwa Stihl 070 ya zamani, dude la sentimita za ujazo 106, zito kwelikweli. Lilikaa chini ya mwembe wa jirani sijui miaka mingapi, mchwa wamejenga ndani ya ekzosi. Nilitumia Jumamosi nne. Nilibadilisha vipira vya kabureta (hapo ndipo bumu langu lilipoenda, msiniulize), nikasafisha plagi, nikaweka uwazi wa nusu milimita, nikabadilisha sili za shafti kwa sababu mzee alinionyesha kwamba hewa ikiingia kwa mlango wa uani, mchanganyiko unapungua mafuta na pistoni inakwama kwa joto. Jumamosi ya nne, saa kumi jioni, nikavuta kamba mara saba. Ikakohoa. Nikavuta tena. Ikawaka! Moshi wa bluu ukajaa banda lote, kuku wakakimbilia kwa jirani. Wadau, niliposoma jina langu kwenye orodha ya waliochaguliwa kuja chuo sikufurahi vile.

Sasa rudini kwa yule jamaa wa kantini.

KOSA LA KWANZA: ATI MSOMI HASHIKI GRISI

Ndugu yangu, mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kubwa ilikuwa hii hii unayoicheka: kwamba shule zilizorithiwa kwa mkoloni zinamtoa mtoto kijijini, zinamfundisha kudharau kazi ya mikono ya wazazi wake, na kumfanya ajione wa tabaka jingine. Imepita miaka karibu sitini. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, yaani serikali yenyewe inakiri kwamba kuna kitu kilipotea njiani. Na wewe, mwaka wa tatu uhandisi MITAMBO, unaona aibu kwa sababu mwenzako anagusa mtambo. Ulidhani tutaandikiana barua na injini?

Na msinielewe vibaya. Sisemi darasa halina maana. Mzee wangu ana miaka arobaini ya kazi, lakini alikuwa anachanganya oili kwa macho, kifuniko kimoja kwa kidumu, "inatosha hiyo". Mimi ndiye niliyemletea bomba la sindano na hesabu: mashine za zamani zilizopimiwa sehemu 25 kwa 1, kidumu cha lita tano kinataka mililita 200, zile za kisasa zenye oili nzuri, 50 kwa 1, yaani mililita 100. Kwanza alinibishia. Kisha akatoa pistoni tatu zilizochubuka kutoka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akazigeuza geuza mkononi bila kusema neno. Siku hizi bomba la sindano linaning'inia ukutani kwake. Kwa hiyo darasa lilikuwa na cha kumpa. Lakini lisingempa kitu kama mimi ningebaki kantini nikilinda usafi wa kucha.

Na lile la mwisho kwenye shtaka hili. Mafundi wanaotoa breki "ili isisumbue" wapo kwa sababu sisi tuliosoma kwa nini breki ile ipo tumekataa kwenda kukaa nao. Tunawaita fundi uchwara halafu tunawapelekea mashine zetu. Bega la mjomba limekatwa na dharau hiyo pia. Mnichekee hilo.

KOSA LA PILI: ATI NAMALIZA MISITU

Hapa napunguza sauti.

Dada, kwanza naomba nikwambie chenso zinazopita kwenye banda letu zinafanya nini. Nyingi zinaangusha minazi. Ukanda wetu huu, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Kaole, utaiona minazi imesimama haina vichwa, imekufa kwa ugonjwa. Mnazi mfu ukiachwa unaangukia nyumba ya mtu. Shina lake likipasuliwa linatoa mbao na nguzo, ingawa gamba lake linakula meno ya cheni vibaya sana. Kila baada ya muda mfupi tupa ya duara inabidi itoke mfukoni. Nyingine zinakata miembe mizee ya watu, ya uani, kwa ajili ya majahazi na mitumbwi. Na mkaa unaoingia Dar kwa magunia, wengi wanaouchoma huko porini wanatumia shoka na panga, vitu ambavyo havihitaji fundi wala spea. Ukitaka kupunguza mkaa, chenso yangu si mlango wa kuanzia. Anza na jiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Huko ndiko vita ilipo, na humu mabwenini tunapika na nini sisi wenyewe? Tusitaje.

Hayo ndiyo ningekujibu Jumatatu kama ulimi usingeganda. Sasa nikwambie kwa nini uliganda.

Mwezi wa tatu kulikuwa na Jumamosi moja mzee hakuwepo, alikwenda msibani. Jioni, giza limeshaanza, akaja mtu na bodaboda, amefunga chenso ndani ya gunia. Hakusema jina. Alisema tu ina mzigo unaosubiri, anaitaka usiku ule ule. Nikafungua: plagi kavu, kipira cha mafuta kimepasuka. Kazi ya dakika ishirini. Nilifurahi, nisiwadanganye, nilifurahi kwamba naweza peke yangu. Ikawaka. Akanilipa mara mbili ya bei ya mzee, akafunga gunia lake, akaondoka kuelekea barabara kuu.

Mtu anayekata mnazi wa bibi yake haji usiku na gunia. Nililijua hilo wakati napokea noti. Huenda ilikwenda Zaraninge, msitu ambao sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa 2005. Huenda ilikwenda kwenye mikoko, na wewe dada unajua kuliko mimi kwamba mikoko ya pwani yetu ni hifadhi, haikatwi bila ruhusa. Huenda haikwenda kokote kubaya. Sitajua kamwe, na sitajua kwa sababu SIKUULIZA. Yule fundi aliyetoa breki naye hakuuliza nani ataishika mashine ile baadaye. Nimemtukana fundi yule miaka miwili. Jumamosi ile nilikaa kwenye kigoda chake.

Ndiyo maana nilinyamaza kantini. Sikuwa nimeshindwa hoja, nilikuwa nimekumbuka gunia.

Mzee aliporudi msibani nilimweleza yote. Nikapendekeza mambo mawili. Moja, mashine yoyote iliyotengenezwa na breki haitoki bandani bila breki inayofanya kazi, hata mteja alie. Mbili, tuwe na daftari: nani mwenye mashine, inakwenda kukata nini, na kama ni mti wa msituni, atuonyeshe kibali cha kuvuna, kwa sababu Sheria ya Misitu ya 2002 inadai vibali na sisi hatuko juu yake.

La kwanza alikubali hapo hapo, bega la mjomba analijua. La pili tuligombana. Akaniambia: "Mwanangu, fundi viatu haulizi viatu vinakwenda wapi." Nikamjibu viatu haviangushi mti wa miaka mia kwa dakika kumi. Akasema mimi nina bumu, yeye ana wajukuu; wateja wakiogopa daftari watakwenda kwa fundi mwingine barabara ya pili, msitu utakatwa vile vile na sisi tutalala njaa. Wadau, hapo nilikosa jibu zuri, na mpaka leo sina. Ni kweli watakwenda barabara ya pili. Nilichoweza kumwambia ni kwamba akienda huko, angalau si mikono yetu. Akasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Lakini daftari lipo. Alikubali kwa sharti kwamba mteja akikimbia, hasara nalipa mimi. Mpaka sasa wamekimbia wawili. Mmoja alitutukana, mwingine aliondoka kimya, ambaye ananipa wasiwasi zaidi. Nimelipa wote wawili kutoka kwenye hela ya kula, ndiyo maana mnaniona siku hizi nakula mihogo. Teh teh teh.

KWA KUMALIZIA

Kwa jamaa wa kantini: Jumamosi gari za Bagamoyo zinaondoka Makumbusho tangu alfajiri. Njoo na nguo mbovu. Nitakupa mashine iliyokufa na hutaruhusiwa kugusa spana mpaka uniambie plagi imelowa au kavu. Ukiweza kuiwasha kabla ya saa kumi jioni, nakununulia pweza pale sokoni. Usipoweza, Jumatatu utanyamaza kantini.

Kwa dada wa mazingira: nilikutafuta jana, nikakueleza habari za gunia kabla sijaziandika hapa, maana sikutaka uzisome pamoja na wengine. Umesema utakuja kulisoma hilo daftari kwa macho yako. Umesema pia kwamba hujanisamehe. Sawa, ni haki yako. Njoo, mzee anataka kukuuliza wateja wanaokimbia wanakwenda wapi na nani anapaswa kuwafuata, kwa sababu anasema hilo si la fundi, ni la wasomi wa misitu. Na mimi nataka kusikia utamjibu nini.

Mkono unaniuma, leo nimenoa cheni mbili za meno yaliyoliwa na mnazi. Jumatano kuna jaribio na sijafungua kitabu. Niombeeni. Tukutane tena Mungu akipenda.